Ajali na Kinga: Wafu wa Kazi Kando ya Ziwa Nyanza

Methali isemayo kwamba ajali haina kinga ni miongoni mwa methali zinazotumiwa sana katika misiba. Husemwa na mzee anayewapa pole wafiwa. Husemwa na mkubwa wa kazi asimamapo mbele ya jeneza la kibarua wake. Husemwa pia na kiongozi aulizwapo juu ya chombo kilichozama. Vinywa vitatu hutamka maneno yaleyale, lakini havisemi jambo moja. Mzee hutaka kutuliza moyo uliovunjika. Mkubwa wa kazi na kiongozi, wajue wasijue, hufunga mlango wa swali. Kwa sababu hiyo historia ya watu waliokufa kazini katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria, ambalo wenyeji huliita Nyanza, yaweza kuanza kwa neno hili moja, maana neno limebadilika na methali imebaki palepale.

Neno ajali limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, hasa saa ya mwisho ya uhai wa kiumbe. Waswahili wa kale walilipokea kwa maana hiyo, na kamusi za zamani hulifasiri kwa majaliwa, kudura na mauti. Aliyesema kwanza kuwa ajali haina kinga alisema kwamba saa ya kufa ikiwadia hakuna ngao iwezayo kuizuia. Hiyo ni imani, na si kazi ya historia kubishana nayo. Baadaye zilikuja reli, mashine, magari na meli za chuma, na neno likapata maana ya pili, yaani tukio la ghafula liletalo hasara au kifo. Gari likipinduka ni ajali. Shimo likiporomoka ni ajali. Meli ikizama ni ajali. Methali haikugawanyika pamoja na neno. Ilitandikwa juu ya maana zote mbili kama mkeka mmoja juu ya vitanda viwili, na tangu siku hiyo kamba iliyooza, mgodi usio na nguzo na chombo kilichojazwa kupita kiasi vimekuwa vikipewa heshima ya kudura.

Watu wa Usukuma, kwa desturi zao wenyewe, hawakuwa wakiingia hatarini mikono mitupu. Walikuwa na vyama vya kazi, na kila chama kilikuwa na elimu yake. Bayeye walikuwa watu wa nyoka. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungu, mnyama alaye mazao usiku na kulala shimoni mchana. Ujasiri peke yake haukutosha kumfanya mtu ashike nyoka. Aliingizwa katika chama, akafundishwa na waliomtangulia, akajua dawa ya kuumwa kabla ya kuumwa. Siku hizi ngoma za vyama hivyo huchezwa kwa furaha na mashindano, na vyombo vyao huhifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, nje ya mji wa Mwanza. Mtazamaji huona mchezo. Chini ya mchezo huo pana elimu ya kale ya kinga, ambayo kanuni yake ni kwamba mafunzo hutangulia hatari.

Kazi ya ujira iliyowatoa watu wengi wa Usukuma na Unyamwezi makwao katika karne ya 19 ilikuwa upagazi. Walichukua pembe za ndovu hadi pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Njia ilikuwa ndefu, na njaa, ndui na vita viliwaua wengi. Hata hivyo mpagazi alikuwa na silaha moja iliyoogopwa na kila mwenye msafara: aliweza kuutua mzigo. Chakula kikipungua, au mzigo ukizidi kipimo kilichokubaliwa, wapagazi waliketi chini, na msafara haukwenda mpaka jambo liamuliwe. Au walitoroka usiku, na asubuhi mwenye mali akabaki na pembe zake porini. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira juu ya tabia hiyo na kuiita uvivu na ukaidi. Msomaji wa leo aweza kuiita jina jingine, nalo ni ulinzi wa uhai mahali pa kazi.

Mwishoni mwa karne hiyo ikaja reli. Ile iliyoitwa Reli ya Uganda ilianzwa Mombasa mwaka 1896, na mnamo tarehe 20 Desemba, 1901 ikafika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo sasa ni Kisumu. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Hesabu hiyo yajulikana kwa sababu kila Mhindi aliletwa kwa mkataba, na mkataba ni karatasi. Mwafrika aliyefyeka vichaka au kuchota maji hakuwa na karatasi. Simba wawili walipowala wajenzi wa daraja la Tsavo mwaka 1898, mhandisi J. H. Patterson, aliyewaua simba hao, alitaja katika kitabu chake Wahindi 28 walioliwa, akakiri kwamba Waafrika wengi waliliwa pia, ila hesabu yao haikuwekwa na serikali. Hapa pana somo la kwanza la historia hii: mfu wa kazi huhesabiwa ikiwa kazi yake iliandikwa alipokuwa hai.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliupindua upagazi. Kazi iliyokuwa ya hiari ikawa ya shuruti, pande zote mbili, kwa Wajerumani na kwa Waingereza. Mwanza ilitekwa na Waingereza mwezi Julai, 1916, na njia za kusini zikajaa watu waliobeba chakula na risasi. Mpagazi wa vita hivyo hakuweza kuutua mzigo. Kwa hesabu rasmi tu, wapagazi zaidi ya 40,000 waliowatumikia Waingereza katika Afrika ya Mashariki walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa na chakula kibaya. Mwaka 1927 sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam. Maandishi yaliyo chini yake huwataja wapagazi pamoja na askari. Lakini aliye juu ya jiwe ni mtu mwenye bunduki, na mtu mwenye mzigo hana sura. Ndiyo heshima ya siku nyingi: afaye vitani husimamishiwa sanamu, na afaye kazini huandikwa katika msitari wa pili, akiandikwa.

Reli ya kati ilipopeleka tawi lake kutoka Tabora hadi Mwanza mwaka 1928, mji uligeuka kuwa mlango wa pamba. Vinu vya kuchambulia pamba vilienea katika Usukuma, na ng'ambo ya ghuba dhahabu ilichimbwa Geita katika mgodi mkubwa uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mikanda ya mashine, vumbi la pamba, baruti na giza la chini ya ardhi vilikuwa hatari mpya, ambazo Bayeye na Banunguli hawakuziachia dawa. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa sheria mbili. Ya kwanza, ya mwishoni mwa miaka ya 1940, ilihusu fidia kwa watumishi walioumia au kufa kazini. Ya pili ilikuwa Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyoagiza mashine zizungushiwe kinga na viwanda vikaguliwe.

Sheria hizo zilikuwa hatua njema, na vyama vya wafanyakazi vilivyokua katika miaka ya 1950 vilipata ndani yake mahali pa kushikia. Walakini zilikuwa na kasoro mbili. Sheria ya fidia iliupima mwili wa mtu kiungo kwa kiungo, kidole kwa thamani yake na jicho kwa thamani yake, hata tajiri asiye na huruma akaweza kupiga hesabu na kuona kwamba kulipa ni rahisi kuliko kuzuia. Sheria ya Viwanda nayo ilifungwa na jina lake: iliingia kinuni, lakini haikumfuata mvuvi ziwani wala mchimbaji katika shimo lake. Ilidumu miaka 53, ikauona mwisho wa ukoloni, ikauona Uhuru na Muungano, nayo ikaondolewa mwaka 2003 tu.

Wakati huo, mbali na ziwa hili, wafanyakazi wa nchi nyingine walikuwa wameanza kuwakumbuka wafu wao kwa namna mpya. Mwaka 1984 vyama vya wafanyakazi vya Kanada vilichagua tarehe 28 Aprili kuwa siku ya kuwaombolezea waliokufa kazini. Maombolezo hayo hayakuwa ya machozi tu, kwa kuwa kila mfu alitajwa pamoja na kazi yake, na kila kutajwa kulifuatwa na swali la nini kingalimwokoa. Mwaka 1996 wajumbe wa vyama vya wafanyakazi waliwasha mishumaa siku hiyo New York, katika Umoja wa Mataifa, na tangu 2003 Shirika la Kazi Duniani limeiadhimisha tarehe hiyo kuwa siku ya usalama na afya kazini. Katika Tanzania huangukia siku mbili baada ya sikukuu ya Muungano na siku tatu kabla ya Mei Mosi.

Mishumaa ya New York ilikuwa haijatimiza mwezi tangu izimwe wakati msiba mkubwa kuliko yote ulipoifikia Mwanza. Tarehe 21 Mei, 1996, asubuhi, meli MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kwa kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa karibu kumaliza safari yake. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa wametajwa kuwa 800 na zaidi, na wengine hufikisha hesabu karibu ya 900. Sababu ya hesabu kuyumba ni ileile ya Tsavo. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwapo, nayo ilionyesha watu 443. Abiria wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo, hawakuwa na orodha. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, na kila mwaka siku hiyo watu huenda makaburini kuomba. Huombewa abiria, na ni haki. Ni nadra kukumbukwa kwamba kwa mabaharia, makuli na watumishi wa melini chombo kile kilikuwa mahali pa kazi, na kwamba abiria na baharia waliuawa na uzito mmoja.

Miaka 22 baadaye jambo hilo lilirudi kwa sura iliyo wazi zaidi. Tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko MV Nyerere kiliondoka Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, kikielekea Ukara. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Kivuko kilichoruhusiwa kuchukua watu 101 kilipinduka karibu na gati la Ukara, na watu 228 wakafa. Waulizaji walipotaka kujua ni wangapi waliopanda, jibu halikupatikana, kwa kuwa mkata tikiti alikuwa amekufa, na mashine yake yenye hesabu ilikuwa imepotea majini. Siku mbili baada ya msiba fundi wa mitambo wa kivuko hicho alitolewa akiwa hai mahali palipobaki hewa chini ya chombo kilichopinduka. Watumishi wawili wa chombo kimoja, mmoja akafa na hesabu, mwingine akatoka na pumzi.

Mkata tikiti huyo anastahili kufikiriwa kuliko mtu yeyote katika historia hii. Kazi yake ilikuwa kuhesabu, na mahali pake palikuwa mlangoni, penye kusukumana. Mbele ya mlango kama huo siku ya gulio husimama jirani mwenye mgonjwa, mama mwenye mihogo, na mfanyabiashara asiyetaka kulala ugenini. Akisema basi, nani angemsimamia? Mpagazi wa karne ya 19 aliweza kuutua mzigo kwa sababu wenzake wote walikuwa tayari kuketi pamoja naye. Mtumishi wa siku hizi, aliye peke yake mlangoni, huhitaji sheria imsimamie mahali pa wenzake. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, waeleza jambo hilo: mfanyakazi aliyejitenga na kazi kwa sababu ya kuamini, kwa msingi wa haki, kwamba ina hatari ya karibu kwa uhai wake asiadhibiwe. Mfanyakazi akiwa na haki ya kusema chombo kimejaa, abiria naye ameokoka. Usalama wa mtumishi haushindani na usalama wa umma. Mara nyingi ndio mlango wake.

Misiba ya meli husikiwa kwa sababu huua wengi kwa siku moja. Ziwa lakini lina njia nyingine ya kuua, mmoja leo na wawili kesho, nayo haitangaziwi siku za maombolezo. Watu takriban 200,000 huvua katika ziwa hili katika nchi tatu za Tanzania, Kenya na Uganda. Wavuvi wa dagaa huingia majini usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga wa taa. Upepo wa ghafula, radi, mtumbwi uliooza mbao, na kijana asiyejua kuogelea vikikutana, alfajiri mwaloni hupungua mtu. Jeshi la wenzake humtafuta, mwili ukipatikana huzikwa, na mtumbwi hurudi majini usiku wa pili kwa kuwa deni la nyavu halijafa. Jaketi la kuokoa maisha lingalimrudisha. Lakini mara nyingi haliko, au liko moja katika watu wanne.

Mvuvi huyo ana tajiri, naye ni mwenye mtumbwi, injini na nyavu. Katika karatasi, hata hivyo, hana tajiri. Malipo yake ni mgao wa samaki, wala hakuna barua ya ajira. Mwaka 2003 Tanzania ilipata sheria mpya ya usalama na afya mahali pa kazi, na jina lake lilikuwa maendeleo, maana kiwanda kiligeuka kuwa mahali pa kazi. Wakala wake wa ukaguzi, OSHA, ulikuwa umeanzishwa mwaka 2001. Sheria ya fidia ya mwaka 2008 nayo ilizaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambamo waajiri huchangia. Mwajiriwa wa ofisi au kiwanda akiumia, mfuko huo humjua. Mvuvi wa mgao ni vigumu kujulikana nao, kwa kuwa hakuna aliyemchangia kwa jina. Kama vile Mwafrika wa Tsavo, amekosa karatasi.

Hali ya wachimbaji wadogo hufanana na hiyo. Mwezi Oktoba, 2015 shimo liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama. Watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 gizani, wakiwa wamekula mende, vyura na mizizi, na mmoja wao akafa baada ya kuokolewa. Nchi nzima ilistaajabu kwa muujiza huo, na mshangao ukalifunika swali la nguzo. Tarehe 13 Januari, 2024, katika mgodi wa Ng'alita, Bariadi, mkoani Simiyu, watu 22 walifukiwa na kufa. Viongozi walieleza kwamba waliingia mahali palipokuwa pamezuiliwa kwa sababu ya mvua nyingi. Amri ya kuzuia ilikuwapo. Kilichokosekana ni kitu cha kumlisha mtu siku amri inapomzuia.

Hapo ndipo penye hoja ngumu ya upande wa pili, nayo haifai kupuuzwa. Husemwa kwamba maskini hachagui kazi, na kwamba kinga ni anasa ya mataifa tajiri. Mwenye kuogopa maji hatakula samaki. Hoja hii ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba njaa humsukuma mtu shimoni na majini. Lakini Shirika la Kazi Duniani limekadiria kwamba karibu watu 3,000,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kazi zao, na hakuna nchi iliyopata kutajirika kwa kufukia watu wake. Mfu haleti mboga. Mjane wa mvuvi hurithi deni, na watoto wake huacha shule ili waende mwaloni palepale alipofia baba yao. Kinga ni ghali. Kukosa kinga ni ghali zaidi, ila gharama yake hulipwa na asiye na daftari la kuiandikia.

Yatakiwayo si makuu kupita uwezo. Kila mwalo una viongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi. Kikundi hicho chaweza kuweka daftari la wanaotoka usiku na wanaorudi asubuhi, kwa majina na kwa jina la mwenye mtumbwi. Kila kivuko chaweza kuacha nakala ya hesabu nchi kavu kabla ya kung'oa nanga, ili hesabu isizame pamoja na mhesabuji. Mwenye mtumbwi aweza kulazimishwa kununua jaketi kama anavyolazimika kununua injini. Watoto wa visiwani waweza kufundishwa kuogelea kama watoto wa Bayeye walivyofundishwa nyoka. Na tarehe 28 Aprili yaweza kuadhimishwa Igoma, Ukara na miguuni pa mashimo ya Kahama na Bariadi, wafu wakitajwa kwa kazi zao: huyu alikuwa baharia, huyu mkata tikiti, huyu mvuvi wa dagaa, huyu mchimbaji. Kifo kikiitwa ajali, watu huinamisha vichwa. Kikiitwa kifo cha kazi, mtu fulani hutakiwa kuinuka na kujibu.

Ajali kwa maana yake ya kwanza, saa iliyowekwa kwa kila kiumbe, haina kinga, na mzee aendelee kuwapa pole wafiwa kwa methali hiyo. Ajali kwa maana ya pili ina kinga, na kinga hiyo hununuliwa dukani, hufundishwa darasani, huandikwa katika sheria na hutunzwa daftarini. Methali ni mali ya wafiwa. Mwenye chombo kilichojaa hana ruhusa ya kuiazima.